Nyuma ya jibu la "salama"

Tuseme mama wa miaka 55 ameingia kliniki ya afya ya akili. Muuguzi anamuuliza habari, naye anajibu, "Salama, namshukuru Mungu." Jibu hilo ni adabu. Aliyefiwa jana hulitoa, mwenye homa hulitoa, na aliyekesha akilia hulitoa pia. Muuguzi akiandika kwenye faili kwamba mgonjwa yuko salama, ameandika salamu tu.

Uchunguzi wa hali ya akili, ambao daktari Adolf Meyer alisaidia kuupa mpangilio nchini Marekani mwanzoni mwa karne ya 20, hugawa habari za hisia mara mbili. Kwanza ni hali ya moyo, yaani yale ambayo mgonjwa mwenyewe anasema amekuwa akiyahisi kwa siku au majuma. Pili ni hisia zinazoonekana wakati wa mazungumzo: uso, macho, sauti, mikono, namna alivyokaa.

Hali ya moyo huandikwa kwa maneno yaleyale ya mgonjwa, bila kuyasafisha. Moyo mzito. Mawazo mengi. Roho haitulii. Wengi wenye sonona hawaitaji huzuni kabisa. Husema kichwa kinauma, tumbo linawaka, usingizi unakatika saa tisa za usiku na haurudi. Ndiyo maana swali lenyewe huja baada ya salamu kwisha: "Na moyoni, mama, siku hizi unajisikiaje?" Kisha muuguzi anyamaze. Ukimya huo ndio kitu cha kwanza kukatwa foleni inapokuwa ndefu, na naona tunapoteza mengi hapo. Huenda ni katika ukimya huo mama atakaposema, "Silali, mwanangu. Hata wajukuu hawanifurahishi." Huzuni, au kukosa hamu ya mambo aliyoyapenda, karibu kila siku kwa angalau majuma 2, ndiyo mlango wa kuichunguza sonona.

Sasa uso. Mtu akisimulia harusi ya bintiye na kifo cha mumewe kwa sauti ileile na uso uleule, hisia zake zimefifia. Akicheka na papo hapo akabubujikwa na machozi, hazitulii. Na akitabasamu huku akieleza kwamba amechoka kuishi, uso na maneno vimepishana. Kupishana huko huandikwa, wala tabasamu lisichukuliwe kuwa dalili ya nafuu.

Uso nao hudanganya. Ugonjwa wa Parkinson hupunguza mwendo wa misuli ya uso hata mtu akaonekana hana hisia. Baadhi ya dawa za magonjwa ya akili, kama haloperidoli, zinaweza kufanya vivyo hivyo. Baada ya kiharusi, wapo wanaolia au kucheka bila kukusudia, na ukiwauliza watakwambia hawana huzuni wala furaha ya kiasi hicho. Bila kuuliza, mchunguzi angewapa ugonjwa wasio nao.

Na binti anayeinamisha macho mbele ya daktari wa rika la baba yake? Huenda ni heshima tu. Mgonjwa aliyevaa nikabu husomwa kwa sauti, kasi ya maneno, macho na vidole. Ndugu aliyemsindikiza anaweza kusema kama ndivyo alivyo siku zote, ila asimjibie, na kwa sehemu ya mazungumzo asubiri nje.

Swali moja huogopwa kuliko yote: "Umewahi kuwaza kujiua?" Wahudumu wengi hulikwepa wakidhani litampandikizia mgonjwa wazo hilo. Tafiti hazijaonyesha hivyo. Wengine hupata ahueni kwa kuulizwa. Liulizwe waziwazi, kwa sauti ya upole, mlango ukiwa umefungwa. Akisema ndiyo, aulizwe kama amefikiria njia na kama anayo karibu, na asiachwe peke yake mpaka mpango wa kumlinda uwe tayari.