Mizizi, Dripu na Miezi ya Mwisho ya Ujauzito

Katika wilaya za Mbinga na Nyasa, mkoani Ruvuma, kama ilivyo katika sehemu nyingi za Tanzania vijijini, mjamzito aliyeingia mwezi wa nane huhudumiwa na pande mbili kwa wakati mmoja. Kliniki humpima presha, mkojo na wingi wa damu, ikampa vidonge vya kuongeza damu pamoja na SP ya kumkinga na malaria. Nyumbani, bibi, mama mkwe au mkunga wa jadi humchemshia mizizi na majani ili njia ifunguke na uchungu usikawie.

Sababu za kunywa dawa hizo si ujinga, kama wahubiri wengi wa afya wanavyopenda kudhani. Wilaya ya Nyasa, iliyomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012, imetandazwa ufukweni mwa Ziwa Nyasa chini ya milima ya Umatengo, na ingawa barabara ya lami imefika Mbamba Bay, vipo vijiji ambavyo wakazi wake bado hutegemea bodaboda au mtumbwi, na upepo wa kusi ukivuma ziwa halipitiki. Anayehofia kuzalia njiani kabla ya kufika Liuli au Litembo, zilipo hospitali za misheni, na vilevile anayehofia kupasuliwa akishafika, huona kwamba uchungu ukishika upesi atakuwa amejiokoa.

Hatari imejificha katika upesi huohuo. Uchungu ni mikazo ya misuli ya mji wa mimba, na kila mkazo hubana mishipa inayopeleka damu kwenye kondo la nyuma, yaani kiungo kinachomlisha mtoto na kumpa hewa, kwa hiyo mtoto hutegemea vipindi vya mapumziko kati ya mkazo mmoja na mwingine. Dawa inayoleta mikazo mfululizo humnyima mapumziko hayo, naye huchoka au kufa kabla hajatoka, na kwa mama aliyewahi kuzaa mara nyingi au kufanyiwa upasuaji, mji wenyewe unaweza kuchanika.

Kwamba mimea ina nguvu hiyo si porojo. Katika miaka ya 1960, daktari wa Norway, Lorents Gran, aliwakuta wanawake nchini Kongo wakinywa chai ya mmea uitwao kalata-kalata ili kuharakisha uzazi, na uchunguzi uliofuata ulipata ndani yake protini ndogo, kalata B1, ambayo hukaza mji wa mimba na haiharibiki hata ikichemshwa. Kuhusu mafuta ya nyonyo, wanasayansi nchini Ujerumani walionyesha mwaka 2012, kwa kutumia panya, kwamba asidi iliyomo huamsha kipokezi cha aina moja katika utumbo na katika mji wa mimba, ndiyo maana kuhara na uchungu huandamana. Ng'ambo ya ziwa, nchini Malawi, ambako dawa za namna hii huitwa mwanamphepo, utafiti wa wilaya ya Mchinji uliochapishwa mwaka 2018 ulikuta takribani robo ya wazazi walizitumia, na matatizo ya mama na mtoto yalikuwa mengi zaidi miongoni mwao.

Hospitalini uchungu huongezwa kwa oksitosini, homoni ambayo mwili wenyewe huitengeneza. Tofauti yake na mzizi haiko katika asili, kwani kwinini ilitoka katika gome la mti na artemisinini katika jamii ya pakanga, bali katika kipimo na breki: dripu huanzishwa kwa matone machache, mikazo huhesabiwa, na mapigo ya moyo wa mtoto yakibadilika muuguzi hufunga dripu, nayo nguvu ya dawa hupungua baada ya dakika chache. Kikombe kikishanywewa hakifungwi, wala hakuna ajuaye mzizi wa leo una nguvu kiasi gani ukilinganishwa na wa jana.

Dawa za kisasa nazo zina lawama zake. Diklofenaki, inayonunuliwa dukani kama pipi kwa maumivu ya mgongo, inaweza katika miezi mitatu ya mwisho kuziba mapema mshipa muhimu karibu na moyo wa mtoto. Misoprostoli ya kumeza bila usimamizi ina hatari ileile ya mizizi. Na oksitosini isiyotunzwa kwenye friji hupoteza nguvu.

Mahali pasipo na mjadala ni kifafa cha mimba, ambacho hutanguliwa na presha kupanda, kichwa kuuma sana na macho kuona ukungu, dalili ambazo baadhi ya familia huzihusisha na kurogwa. Jaribio kubwa lililohusisha wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33, lililochapishwa mwaka 2002, lilithibitisha kuwa sindano ya magnesiamu salfeti hupunguza hatari ya kifafa hicho kwa zaidi ya nusu.

Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 inawatambua waganga na kuwataka wasajiliwe, lakini usajili haupimi kilichomo kikombeni. Hilo hujulikana wodini tu, na mara nyingi halijulikani, maana mzazi anayeulizwa kwa ukali atajibu kwamba hajanywa kitu, kisha dripu itaongezwa juu ya mzizi. Anayeulizwa kwa upole amekunywa nini na saa ngapi ndiye anayempa mkunga jambo la kuamulia iwapo dripu iwekwe au isubiri.