Tumbo linauma, vipimo safi

Mtu akilalamika tumbo, kinachoshtakiwa kwanza ni pilipili. Baada yake maharage, kisha mafuta ya kukaangia, kisha soda. Kitunguu hakishtakiwi na mtu. Kimo kwenye mchuzi wa nyama, kwenye mchicha, kwenye rosti ya maini, kwenye kachumbari inayosindikiza pilau. Mgonjwa anakila mchana na usiku huku amejinyima pilipili mwaka wa pili sasa, na tumbo bado linajaa, linanguruma, linakata.

Nimewasikiliza wengi wa aina hii katika kuandika habari za afya, na safari zao zinafanana. Kituo cha kwanza ni duka la dawa, ambako mtu huuziwa vidonge vya amiba. Tumbo likitulia siku chache anaamini ilikuwa amiba kweli; likirudi, anaambiwa ni amiba sugu. Halafu inakuja taifodi, iliyosomwa kwenye kipimo cha Widal ambacho peke yake hakitoshi kuithibitisha. Halafu vidonda vya tumbo, jina ambalo kwetu limebebeshwa kila maumivu yaliyo kati ya kifua na kinena. Akibahatika kufika hospitali yenye kipimo cha kamera, anamezeshwa mpira, anaangaliwa, anaambiwa: huna kidonda, punguza mawazo. Anatoka pale na maumivu yale yale, na juu yake aibu, maana sasa hata nyumbani wanadhani anajifanya.

Hajifanyi. Ugonjwa wake upo na madaktari wanaufahamu kwa herufi tatu, IBS. Ni utumbo usioonyesha kidonda wala uvimbe, lakini mwendo wake umevurugika na mishipa yake ya fahamu imekuwa myepesi mno kuhisi. Vigezo vya Roma vya mwaka 2016, ambavyo madaktari wengi duniani hufuata, vinataka maumivu ya tumbo angalau siku moja kwa wiki katika miezi mitatu iliyopita, yenye angalau mambo mawili kati ya haya: kuhusiana na kwenda haja, choo kubadilika kwa idadi, au choo kubadilika kwa ugumu wake, na dalili ziwe zilianza miezi sita au zaidi nyuma. Wengine huharisha, wengine hufunga choo, wengine hupata vyote kwa zamu.

Mwaka 2017 watafiti wa Nottingham, Uingereza, walichapisha kazi ambayo ningependa kila anayeambiwa "huna kitu" aisikie. Waliwanywesha watu wenye IBS na watu wenye afya kinywaji chenye inulini, ambayo ni jamii moja na sukari iliyomo kwenye kitunguu, kisha wakawapiga picha za MRI. Gesi ilijaa katika utumbo mpana wa makundi yote mawili, kwa kiasi kinachokaribiana. Walioumwa zaidi ni wenye IBS. Gesi ile ile ambayo jirani yako haisikii, wewe inakukunja. Tofauti iko kwenye kuhisi, na kuhisi huko ni jambo la mwili, halitokani na deko.

Chanzo chake si kimoja, ila kimoja kinatugusa kwa karibu. Mei 2000, katika mji mdogo wa Walkerton nchini Kanada, maji ya bomba yaliingiwa na bakteria kutoka kinyesi cha ng'ombe. Watu zaidi ya 2,000 waliugua na saba walifariki. Watafiti waliendelea kuwafuatilia wakazi, na hata miaka minane baadaye walikuwapo ambao matumbo yao hayakurudi kama zamani. Leo inajulikana kwamba karibu mtu mmoja kati ya kumi wanaougua tumbo la vijidudu hubaki na IBS baada ya vijidudu vyenyewe kuondoka. Katika miji yetu, ambako mvua za masika huchanganya maji ya kunywa na ya vyoo, sioni sababu ya kushangaa tukiwa na wagonjwa wengi wa namna hii wanaotibiwa amiba waliyokwisha pona.

Kabla ya kugusa chakula, kuna dalili zisizosubiri: damu kwenye choo, kupungua uzito bila kukusudia, upungufu wa damu, homa, maumivu au kuharisha kunakokuamsha usingizini, tumbo lililobadilika kwa mara ya kwanza umri ukiwa umevuka miaka 50, au saratani ya utumbo katika ukoo. Mwenye mojawapo ya hizi aende hospitali, asijitibu kwa mlo.

Kwa wengine, mlo uliochunguzwa zaidi ulianzia Chuo Kikuu cha Monash, Melbourne, Australia, kwa kazi ya Peter Gibson na Sue Shepherd kuanzia mwaka 2005. Unaitwa mlo wa FODMAP kidogo. FODMAP ni kundi la sukari na wanga mfupi ambavyo utumbo mwembamba haufyonzi vizuri. Vikipita bila kufyonzwa huvuta maji ndani ya utumbo, vikifika kwenye utumbo mpana bakteria huvichachua na kutoa gesi. Utumbo unatanuka, na mwenye IBS anaumia.

Kitunguu maji na kitunguu swaumu ndivyo vinara hapa, pamoja na ngano ya chapati, maandazi na mkate. Sukari yao inaitwa fruktani. Ina tabia moja ambayo mpishi anaweza kuitumia: huyeyuka kwenye maji, haiyeyuki kwenye mafuta. Kwa hiyo weka mafuta motoni, tumbukiza vipande vikubwa vya kitunguu na punje nzima za kitunguu swaumu, viache vitoe harufu yake, kisha viopoe vyote kabla nyanya au maji hayajaingia sufuriani. Harufu inabaki kwenye mafuta, fruktani inaondoka na vipande. Ukiviopoa mwishoni, mchuzi ukishaiva, umechelewa, maana maji yameshaichukua. Majani mabichi ya kitunguu, ile sehemu ya kijani, hayana shida, na tangawizi, giligilani na bizari zinaruhusiwa. Mchuzi wa namna hii unalika na familia nzima, na hilo nalithamini kuliko yote, kwa sababu mgonjwa anayepikiwa sufuria yake peke yake huacha mlo mapema.

Wali, ugali wa mahindi, viazi mviringo, ndizi za kupika, sukuma wiki, mchicha, karoti, papai na machungwa huwa salama kwa wengi. Samaki, mayai, kuku na nyama havina FODMAP kabisa. Ndizi iliyoiva mno, embe, asali na tende vina nyingi, na ndiyo sababu baadhi ya watu huumwa zaidi msimu wa maembe au katika futari ya Ramadhani inayoanza kwa tende na kufuatiwa na kunde. Pilipili haina FODMAP ya kuogofya. Baadhi huwachoma kwa njia nyingine, lakini imelaumiwa kupita haki yake.

Maharage yanahitaji uangalifu wa aina nyingine. Kumwambia mama wa kipato kidogo aache maharage ni kumwondolea yeye na wanawe protini ya bei wanayoimudu. Loweka usiku kucha, mwaga maji, chemsha kwa maji mapya, mwaga tena, kisha unga. Sehemu ya sukari inayoleta gesi hutoka na maji hayo. Kula vijiko vichache pamoja na wali, siyo bakuli, uone tumbo linasemaje.

Na maziwa? Hapo ukoo una neno. Mwaka 2007 Sarah Tishkoff na wenzake walichapisha uchunguzi wa vinasaba vya watu wa Tanzania, Kenya na Sudan, wakaonyesha kwamba uwezo wa mtu mzima kumeng'enya laktosi, sukari ya maziwa, umeenea zaidi katika jamii za wafugaji. Wengi wetu wengine hupoteza uwezo huo utotoni. Mtu anayevimba tumbo baada ya chai ya maziwa ajaribu wiki mbili za chai ya rangi kabla hajanunua dawa. Mtindi huvumiliwa na wengi, kwa kuwa bakteria wameshakula sehemu ya laktosi.

Lakini hapa ndipo nataka nisikilizwe. Huu mlo ni kipimo. Unaondoa vyakula hivi kwa wiki mbili hadi sita, basi. Tumbo likitulia, unarudisha kimoja kimoja, kiasi kidogo kwanza, kisha zaidi, kwa siku tatu hivi, ukiandika. Utakuta labda kitunguu kinakuumiza na maziwa hayakufanyi kitu, au kinyume chake. Vile visivyo na hatia virudi mezani. Lisipotulia kabisa, mlo huo si wako, uache. Nimeona watu waliosoma orodha kwenye simu wakaishia kula wali na kuku mwaka mzima, wamekonda, wanaogopa kila harusi. Vyakula hivyo hivyo tunavyoviondoa hulisha bakteria wema wa utumbo. Kuvifuta maisha yote kuna gharama.

Tena si lazima kila mtu apite huko. Nchini Sweden, mwaka 2015, wagonjwa 75 waligawanywa: kundi moja lilifuata FODMAP, jingine ushauri wa kawaida wa kula kidogo kidogo kwa saa maalumu, kutafuna polepole, kupunguza mafuta, kahawa na vyakula vinavyojulikana kuleta gesi. Baada ya wiki nne, karibu nusu ya kila kundi walipata nafuu. Anayekosa chakula cha asubuhi na mchana kisha akala sahani kubwa saa nne usiku aanzie hapo.

Dawa za asili na tiba mbadala nazo zipimwe kwa ushahidi wa utafiti. Isabgoli, maganda ya mbegu yanayouzwa katika maduka ya Wahindi, yana ushahidi mzuri: utafiti wa Uholanzi wa mwaka 2009 uliwahusisha wagonjwa 275, isabgoli ikasaidia, pumba za ngano hazikusaidia, na baadhi ya waliozila walijitoa kwa sababu dalili zilizidi. Anza na kijiko kidogo, kwa maji mengi. Mafuta ya mnanaa katika kapsuli inayoyeyukia utumboni hulegeza misuli ya utumbo. Mwenye kiungulia ajihadhari. Tangawizi naipenda kwenye chai, lakini katika jaribio dogo la Marekani la 2014, watu 45, haikuvishinda vidonge visivyo na dawa. Sanamaki na shubiri huusukuma utumbo kwa nguvu. Zinaweza kumfungua aliyefunga choo kwa siku moja. Kwa anayeharisha au anayekatwa na tumbo ni kuongeza moto, na "kusafisha tumbo" kila mwezi hakumponyi mtu wa IBS.

Ushuhuda wa "nilikunywa nikapona" usikutoshe. Mwaka 2010 Ted Kaptchuk wa Harvard aliwapa wagonjwa wa IBS vidonge visivyo na dawa, akiwaambia waziwazi kwamba havina dawa. Asilimia 59 walisema wamepata nafuu ya kutosha, dhidi ya 35 ya wasiopewa kidonge. Kusikilizwa na kuhudumiwa kunatuliza utumbo kweli, jambo ambalo mganga wa mitishamba mara nyingi hulifanya vizuri kuliko kliniki yenye foleni ndefu. Ndiyo maana pia tiba za akili zimeonyesha nguvu hapa: tangu 1984 Peter Whorwell wa Manchester alionyesha kuwa hipnosisi inayoelekezwa kwenye tumbo iliwasaidia wagonjwa waliokuwa na hali mbaya. Wataalamu wake ni adimu kwetu, lakini kupumua kwa tumbo polepole dakika kumi kabla ya kula hakuhitaji mtaalamu.

Ukienda hospitali, nenda na daftari la wiki mbili: ulichokula, saa ngapi, maumivu yalianza lini, choo kilikuwaje. Chati ya Bristol iliyochapishwa mwaka 1997 inagawa choo katika aina saba, namba 1 ikiwa punje ngumu zilizoachana na namba 7 maji matupu. Aliyezoea kuona haya ataje namba tu, kisha aombe kuonana na mtaalamu wa lishe. Hospitali nyingi za rufaa zinaye.