Gari Lenye Waranti Likirudi na Kasoro Ileile

Tangu Daraja la J.P. Magufuli lilipofunguliwa Juni 2025, mkazi wa Busisi wilayani Sengerema hasubiri tena kivuko ili avuke kwenda Kigongo na kuendelea hadi Mwanza mjini. Hata hivyo, daraja hilo la takribani kilomita 3 haliwezi kufupisha kusubiri kwa aina nyingine: gari jipya, lenye waranti, kukaa wiki kadhaa katika gereji ya muuzaji na kurudi na kasoro ileile.

Tuchukulie kuwa mlaji amenunua gari la kubebea dagaa. Baada ya miezi minne giaboksi inaanza kusumbua. Analipeleka Mwanza, anakabidhi ufunguo na kuambiwa arudi Ijumaa. Ijumaa anaelezwa kuwa kipuri kimeagizwa. Safari ya tatu anaambiwa kuwa kasoro imesababishwa na uzembe wake, hivyo alipie. Wakati huo marejesho ya mkopo wa gari yanaendelea kudaiwa. Mlaji huyu ana haki, lakini hana maandishi ya kuithibitisha.

Waranti na sheria

Waranti ni ahadi ya mtengenezaji au muuzaji kurekebisha bila malipo kasoro za utengenezaji, ndani ya muda au kilomita zilizotajwa. Kwa kawaida haihusu vitu vinavyolika kwa matumizi, kama matairi na pedi za breki, na huweza kukataliwa iwapo ratiba ya matengenezo haikufuatwa.

Waranti haichukui nafasi ya sheria. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa inaweka masharti kuhusu ubora wa bidhaa na kufaa kwake kwa kazi iliyonunuliwa. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 nayo inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji. Anayenunua gari lililokwisha kutumika, lililoagizwa kutoka Japani kwa mfano, ahakikishe kuwa ahadi yoyote ya muuzaji imeandikwa katika mkataba.

Mambo ya kuzingatia

1. Kabla ya safari, piga simu uulize kama fundi na kipuri vipo. Kisha tuma ujumbe mfupi wa kuthibitisha mlichokubaliana, ili kumbukumbu ibaki.

2. Kabla ya kukabidhi ufunguo, dai karatasi ya mapokezi yenye tarehe, kilomita zilizosomeka na maelezo ya tatizo. Eleza unachokiona, usitaje ugonjwa. "Gia ya tatu haiingii injini ikishapata moto" humsaidia fundi kuliko "giaboksi mbovu".

3. Unapochukua gari, liendeshe pamoja na fundi kabla ya kutia saini. Dai maelezo ya kazi iliyofanyika, hata kama jibu ni kwamba hakuna kasoro iliyoonekana.

4. Ukikataliwa, omba sababu kwa maandishi, pamoja na kifungu cha waranti kinachotumika. Omba pia uoneshwe kipuri kinachodaiwa kuharibiwa na matumizi yako.

5. Usiporidhika, mwandikie meneja barua, umpe muda maalumu wa kujibu. Asipojibu, wasilisha lalamiko Tume ya Ushindani ukiambatanisha nakala za mkataba, risiti ya EFD, kitabu cha matengenezo na karatasi zote za gereji. Nakala halisi zibaki kwako.

Karatasi tatu za mapokezi zenye tarehe tofauti na tatizo lilelile zinaonesha kuwa gari limepelekwa gerejini mara tatu bila kupona. Muuzaji anaweza kubishana na kumbukumbu ya mteja, lakini ni vigumu kubishana na karatasi zilizotoka katika gereji yake mwenyewe. Kwa hiyo tunamshauri kila mlaji asiondoke gerejini, hata mara ya kwanza, bila karatasi mkononi.