Kesi ya Apiarius na Kurasa Zilizochanganyika

Katika parokia za Eastlands, Nairobi, sheria ya Kanisa husikika zaidi kwenye mambo ya ndoa. Majina ya wachumba hutangazwa Jumapili, mwenye pingamizi aseme. Walioishi pamoja miaka kumi bila kufunga ndoa hubaki vitini wenzao wakienda komunyo. Na aliyeachana na mwenzake akitaka kufunga nyingine, padre wa Dandora au wa Eastleigh humwambia kesi itabidi iende mahakama ya Kanisa. Kitabu kinachotumika ni cha mwaka 1983, chenye kanuni 1752. Wengi hukichukulia kama kitu kilichoshuka kutoka Roma kikiwa kimekamilika. Lakini ukoo wake ni mrefu, na tawi mojawapo linapita Afrika, tena kwa ugomvi.

Apiarius alikuwa padre wa Sicca, mji ambao leo unaitwa El Kef, nchini Tunisia. Askofu wake, Urbanus, alimtenga kwa sababu ya mwenendo wake. Apiarius akavuka bahari hadi Roma, na mwaka 418 Papa Zosimus akaipokea rufani yake. Maaskofu wa Afrika hawakufurahi. Mwaka huohuo walikuwa wamepitisha kanuni kwamba padre akikosana na askofu wake aende kwa maaskofu wa jirani. Atakayekimbilia ng'ambo asipokelewe na yeyote barani.

Zosimus alituma wajumbe watatu wakiongozwa na Askofu Faustinus, wakiwa na maagizo ya maandishi. Maagizo hayo yalinukuu kanuni za kuruhusu rufani, yakisema ni za Mtaguso wa Nisea wa mwaka 325. Tarehe 25 Mei 419, maaskofu 217 walikutana Karthago chini ya Aurelius, askofu wa mji huo, Mtakatifu Augustino akiwemo. Kanuni zilipokuwa zikisomwa, Alypius, askofu wa Thagaste na rafiki wa Augustino tangu ujana, aliingilia kati: wao walikuwa wametazama nakala za Kigiriki na maneno hayo hawakuyaona. Hakumwita mtu mwongo. Aliomba tu waulizwe wenye nakala za kuaminika zaidi.

Karthago nayo ilikuwa na nakala yake, iliyoletwa na Askofu Caecilianus, ambaye Nisea alikuwepo mwenyewe. Hata hivyo mkutano ulikubali kuzishika kanuni zile kwa muda, huku ukituma wajumbe wake Aleksandria kwa Askofu Cyril na Konstantinopoli kwa Askofu Atticus. Majibu yalirudi kabla mwaka haujaisha. Kanuni za Nisea ni 20, na za rufani kwenda Roma hamna.

Zilitoka wapi basi? Zilikuwa za mtaguso mwingine, wa Sardica, ambao leo ni Sofia, Bulgaria, uliofanyika mwaka 343 hivi. Katika vitabu vya Kilatini vya Roma zilikuwa zimeandikwa mara tu baada ya zile za Nisea, namba zikiendelea, bila kichwa kipya. Ni kama katiba ya chama cha akina mama wa Umoja iliyotolewa fotokopi mara nyingi hadi ukurasa wa kwanza wa waraka wa pili ukapotea. Kilichobaki kimebanwa kwa pini moja, na mweka hazina anasoma faini za kundi jingine akiamini ni zao. Ndiyo maana sioni sababu ya kumhukumu Zosimus kuwa alighushi. Alisoma kitabu chake kama kilivyokuwa.

Kesi haikuishia hapo. Apiarius alihamishiwa Thabraca, akaharibu tena, akatengwa tena, akakimbilia kwa Papa Celestine. Faustinus akarudi naye Afrika akimtetea. Baada ya siku tatu za kuhojiwa, Apiarius mwenyewe alikiri makosa yake. Maaskofu walimwandikia Celestine barua yenye heshima na makali kwa pamoja. Hoja moja ndani yake ni ya mtu anayejua mahakama ilivyo: hukumu ya ng'ambo itakuwaje ya haki ikiwa mashahidi, wanawake na wazee, hawawezi kuvuka bahari?

Barua hiyo imetufikia kwa njia ya kushangaza, yaani kupitia Roma yenyewe. Karibu na mwaka 500, mtawa Dionysius Exiguus, yuleyule aliyebuni hesabu ya miaka tangu Kristo, alikusanya kanuni za mitaguso kwa Kilatini. Za Sardica alizipa kichwa cha peke yake. Baada ya hizo akaweka kumbukumbu za Karthago, na katika hesabu iliyozoeleka ya vifungu 138, barua kwa Celestine ndiyo ya mwisho. Mwaka 774 Papa Hadrian wa Kwanza alimpa mfalme Charlemagne toleo la mkusanyo huo, na waandishi wa monasteri wakaendelea kulinakili kwenye ngozi. Hati za namna hii bado zipo. Maktaba ya kanisa kuu la Cologne, Ujerumani, ina mkusanyo mwingine wa kanuni, hati namba 213 ya mwanzoni mwa karne ya 8, na mtu wa Kayole mwenye data anaweza kuifungua kwenye simu.

Ni rahisi kushangilia upande wa Afrika, na kwa suala la nakala walikuwa sahihi. Lakini maaskofu walikuwa wakilinda pia mamlaka yao, na padre au muumini aliyeonewa na askofu anahitaji mlango mwingine wa kugonga. Hatimaye Roma ndiyo iliyoshinda: kanuni 1417 inampa kila muumini haki ya kupeleka kesi yake kwa Papa katika hatua yoyote. Ila hoja ya mashahidi haikufa. Mwaka 2015 Papa Francis aliondoa sharti kwamba kila hukumu ya kubatilisha ndoa ithibitishwe na mahakama ya pili, akawapa maaskofu njia ya mkato kwa kesi zilizo wazi, ambapo askofu wa jimbo mwenyewe ndiye hakimu. Kwa mama wa Dandora anayesubiri jibu, mashahidi wake wako mtaa wa pili.