Kuchagua Bapa la Msumeno wa Chuma: Mambo ya Kuzingatia Katika Somo la Kazi za Mikono

Katika mazoezi ya kufundisha, mkufunzi mmoja alihudhuria kipindi cha kazi za mikono katika shule ya msingi iliyo karibu na mwambao wa kaskazini wa Ziwa Nyasa. Darasa la sita lilikuwa likitengeneza kichanja cha kuwekea ndoo za maji, na malighafi yao ilikuwa mabomba ya fremu za baiskeli mbovu. Mvulana mmoja alipewa msumeno wa chuma akate bomba. Bapa likavunjika. Akapewa la pili, nalo likavunjika. La tatu lilipokatika, mwalimu mwanachuo alimwambia mbele ya wenzake kwamba ana mkono mzito na kwamba kazi ya chuma haimfai. Mtoto aliuweka msumeno mezani, akaenda kukaa nyuma, wala hakuomba tena kushika kifaa chochote siku ile.

Baada ya kipindi, mkufunzi na mwanachuo waliyaokota yale mabapa yaliyovunjika, wakahesabu meno yake. Yalikuwa meno 14 katika kila milimita 25. Unene wa ukuta wa bomba lile haukufika milimita 2. Kwa bapa la namna hiyo, hata fundi mwenye uzoefu wa miaka mingi angepata taabu. Kosa halikuwa mkononi mwa mtoto, bali lilitokea siku bapa liliponunuliwa pasipo kuulizwa litakata kitu gani.

Makala haya yanakusudia kumsaidia mwalimu mtarajiwa kuepuka kosa hilo. Tutaeleza kwanza jinsi bapa la msumeno, ambalo mafundi wengi hulita bleidi, linavyochaguliwa. Kisha tutaonyesha namna ya kulifanya jambo hili kuwa somo zuri kwa watoto.

Kwa nini jambo hili ni muhimu

Tangu Mwalimu Nyerere alipotoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea mwezi Machi 1967, shule zetu zimehimizwa kuunganisha kazi ya mikono na kazi ya akili. Lakini mara nyingi muungano huo huishia kwenye maneno. Mtoto hupewa kifaa na kuamrishwa akitumie, bila kuelezwa kwa nini ni kifaa hicho na si kingine. Hapo mikono hufanya kazi peke yake, na akili hubaki nje ya karakana.

Katika Wilaya ya Kyela kazi za chuma zinamzunguka mtoto kila upande. Baiskeli zinazobeba mpunga na kakao hutengenezwa kando ya barabara. Milango na madirisha ya vyuma huungwa mjini Kyela na katika vituo vya biashara. Katika bandari ya Itungi zimeundwa meli za mizigo MV Njombe na MV Ruvuma, na baada yake MV Mbeya II ya abiria na mizigo. Mtoto anayeishi katika mazingira kama hayo anastahili kufundishwa kanuni za kazi, wala asiachwe aige mikono ya mafundi tu.

Sifa nne za bapa

Mwalimu anapokwenda dukani kununua bapa la msumeno wa mkono, hana budi kujua mambo manne.

Jambo la kwanza ni urefu. Mabapa ya kawaida yana urefu wa milimita 250 au 300, yaani inchi 10 au 12. Urefu huu hupimwa kutoka katikati ya tundu la mwisho mmoja hadi katikati ya tundu la mwisho wa pili. Fremu nyingi huweza kurefushwa na kufupishwa, lakini yafaa kuipima kabla ya kwenda dukani.

Jambo la pili ni idadi ya meno. Mabapa yanayopatikana kwa kawaida yana meno 14, 18, 24 au 32 katika kila inchi moja, ambayo ni karibu milimita 25. Aghalabu idadi hiyo huchapwa ubavuni mwa bapa. Ikiwa imefutika, mwalimu ayahesabu mwenyewe.

Jambo la tatu ni ugumu. Yako mabapa yaliyokaushwa yakawa magumu pote. Hayo hukata vizuri mkononi mwa fundi, lakini yakipindishwa kidogo hukatika kwa ghafla, na kipande chake huweza kuruka hadi machoni. Yako pia mabapa ambayo meno tu ndiyo magumu na mgongo umeachwa uwe wa kunyumbulika. Mengine huundwa kwa metali mbili: ukanda mwembamba wa pua ngumu ya meno huunganishwa na mgongo wa pua inayonyumbulika. Kwa wanafunzi wanaoanza, bapa linalonyumbulika ndilo linalofaa, hata kama bei yake imezidi kidogo.

Jambo la nne ni mpishano wa meno. Ukilitazama bapa kwa upande wa meno, utaona kuwa meno hayakusimama katika mstari mmoja, bali yamepindishwa kushoto na kulia kwa zamu au kwa mawimbi. Kwa hiyo ufa unaokatwa huwa mpana kuliko unene wa bapa, na bapa hupita bila kubanwa. Bapa lililochakaa hupoteza mpishano huo, na ufa wake huwa mwembamba. Ndiyo maana bapa jipya halifai kuingizwa katika ufa ulioanzwa na bapa kuukuu, kwani litabanwa na kuvunjika. Geuza kitu kinachokatwa, uanze ufa mpya kwa upande wa pili.

Kanuna ya meno matatu

Katika sifa zote hizo, idadi ya meno ndiyo inayowapotosha wengi. Kanuni yake ni moja: wakati wote wa kukata, meno yasiyopungua matatu yawe yamegusa chuma.

Kanuni hii yaweza kuelezwa kwa mfano ambao watoto wa Kyela wanaufahamu. Katika vijito vyetu kuna madaraja ya magogo. Magogo yakiwa yamekaribiana, mtoto huvuka bila shida. Yakiachana sana, mguu wake hudumbukia kati ya gogo na gogo, naye akiendelea kukimbia ataumia. Bati au ukuta wa bomba ni kama mguu ule. Ukiwa mwembamba kuliko nafasi iliyopo kati ya jino na jino, hudumbukia katika nafasi hiyo. Mkono unaposukuma msumeno mbele, jino hujikwaa, nalo hung'oka au bapa zima hukatika.

Sasa tufanye hesabu. Bapa lenye meno 18 katika milimita 25 lina nafasi ya 25 ÷ 18, yaani karibu milimita 1.4 kutoka jino hadi jino. Meno matatu yatahitaji karibu milimita 4.2. Kwa hesabu hiyo hiyo tunapata:

Meno 14: chuma kisipungue unene wa milimita 5.4.
Meno 18: kisipungue milimita 4.2.
Meno 24: kisipungue milimita 3.1.
Meno 32: kisipungue milimita 2.3.

Mwanafunzi mwepesi atauliza: kwa nini basi tusinunue mabapa ya meno 32 tu na kuyatumia kwa kila kitu? Swali hilo ni zuri, na mwalimu alifurahie. Kila jino linapokata hubeba chengachenga za chuma katika nafasi iliyo mbele yake. Katika chuma kinene, nafasi ndogo za bapa la meno 32 hujaa upesi, meno huteleza badala ya kuuma, na kazi huwa ndefu na ya kuchosha. Kwa hiyo meno makubwa ni ya kitu kinene na laini, na meno madogo ni ya kitu chembamba au kigumu. Kwa nondo ya milimita 12 bapa la meno 18 linafaa vizuri, kwa kuwa meno kama manane hugusa chuma kwa pamoja.

Vitu vyembamba kuliko kanuni inavyoruhusu vina njia zake. Bamba jembamba hubanwa kati ya vipande viwili vya mbao ndani ya jiliwa, na vyote vitatu hukatwa pamoja. Au msumeno hulazwa mshazari ili meno mengi zaidi yaguse. Bomba hukatwa ukuta wa juu tu, kisha huzungushwa kidogo na kukatwa tena, hata mzunguko utimie. Bati la kuezekea lisikatwe kwa msumeno kabisa. Kazi hiyo ni ya mkasi wa bati.

Kufunga na kutumia

Bapa lililochaguliwa vema laweza kuharibiwa kwa kufungwa vibaya. Meno yaelekee mbele, mbali na mpini, maana msumeno huu hukata unaposukumwa. Bapa likazwe mpaka lisipinde linapobonyezwa ubavuni kwa kidole, lakini nati isizungushwe kwa nguvu za kupita kiasi. Mwanafunzi atumie urefu wote wa bapa kwa mwendo wa wastani, misukumo kati ya 40 na 60 kwa dakika. Akandamize anaposukuma, apunguze uzito anaporudisha.

Kyela ni nchi ya mvua nyingi na unyevu wa ziwa, kwa hiyo kutu ni adui wa kila siku. Baada ya kazi mabapa yafutwe, yapakwe mafuta ya mashine kidogo, na kufungwa katika karatasi au kitambaa kikavu. Mafuta ya mawese, ingawa ni mengi kwetu, hayafai kwa kuhifadhia, kwa sababu yakikaa muda mrefu huchacha na kunata.

Msumeno wa ukanda

Wanafunzi wakipelekwa kutazama karakana kubwa, huenda wakauona msumeno wa ukanda unaoendeshwa kwa umeme. Bapa lake ni ukanda ulioungwa ncha zake ukawa kama pete, nao huzunguka juu ya magurudumu mawili. Kanuni ya meno matatu ni ile ile, na mafundi hupendelea meno kati ya 6 na 12 yaguse chuma. Lakini hapa urefu hauna hiari: ukanda lazima uwe wa urefu ulioandikwa kwa ajili ya mashine hiyo. Unene wake nao hufuata ukubwa wa magurudumu, kwani ukanda mnene juu ya gurudumu dogo hupinda kupita kiasi na kupasuka. Mwendo pia ni jambo kubwa. Msumeno wa ukanda wa mbao huweza kwenda mita 900 na zaidi kwa dakika, ilhali ule wa kukatia pua kwa kawaida haufiki mita 100. Anayefunga ukanda wa chuma katika mashine ya mbao ataunguza meno yake kwa muda mfupi. Na ukanda mpya huanzishwa polepole, kwa mkandamizo mdogo, ili ncha kali za meno zisivunjike kabla ya kuzoea kazi.

Mfano wa andalio la somo

Somo hili lahitaji vipindi viwili vya dakika 40. Madhumuni yake ni kwamba mwisho wa somo kila mwanafunzi aweze kuchagua bapa lifaalo kwa kitu alichopewa na kueleza sababu.

Vifaa: mabapa mawili au matatu yenye meno tofauti, yakiwamo yaliyovunjika, rula, udongo mfinyanzi, vipande vya nondo, bomba na bamba, jiliwa na msumeno mmoja.

Hatua ya kwanza: kila kikundi kikandike udongo uwe bapa, kibonyeze meno ya bapa la msumeno juu yake, kisha kihesabu alama zilizomo katika milimita 25. Kwa njia hii hata darasa la watoto 60 laweza kufanya kazi bila mtoto yeyote kujikata.

Hatua ya pili: wanafunzi wagawanye na kuzidisha kama tulivyofanya hapo juu, wapate jedwali lao wenyewe. Mwalimu asiwaandikie majibu ubaoni kabla hawajajaribu.

Hatua ya tatu: kila kikundi kipime unene wa kitu chake, kichague bapa, na kitaje sababu kabla ya kukata.

Hatua ya nne: mwanafunzi mmoja mmoja akate chini ya uangalizi, wenzake wakisimama kando, si mbele ya msumeno. Vipande vilivyovunjika vihesabiwe na kuwekwa katika kopo, visibaki sakafuni penye miguu mitupu.

Tathmini: mwalimu aonyeshe bapa lililong'oka meno na kuuliza, “Lilikuwa likikata nini?” Atakayejibu kwa kutaja unene wa chuma na nafasi ya meno, huyo ameelewa.

Hitimisho

Turudi kwa mvulana wa fremu ya baiskeli. Wiki iliyofuata mwalimu mwanachuo alikuja na bapa la meno 32 lenye mgongo wa kunyumbulika. Alilieleza darasa zima kwamba wiki iliyopita yeye ndiye aliyekosea kuchagua, kisha akamwomba mvulana yule awe wa kwanza kukata. Bomba lilikatika, na kichanja kikamalizika. Kukiri kule hakukumvunjia mwalimu heshima yake, bali kuliwafundisha watoto kwamba kazi inapoharibika hutafutwa sababu yake kabla ya kutafutwa mtu wa kulaumiwa.

Maswali kwa wanachuo

1. Shule ina fedha za kununua mabapa mawili tu, na kazi zake ni kukata nondo za milimita 10 na mabomba yenye ukuta wa milimita 2.5. Utanunua mabapa gani, na kwa nini?
2. Tafuta mfano mwingine kutoka katika mazingira ya wanafunzi wako utakaoeleza kanuni ya meno matatu.
3. Taja kosa moja la mwanafunzi uliloliona katika mazoezi ya kufundisha ambalo chanzo chake kilikuwa kifaa, na ueleze ungelirekebishaje.