Bustani Iliyokuwa Uwanja wa Vita

Huko Hornchurch, mashariki ya London, ipo bustani ya umma kando ya mto Ingrebourne. Familia hutembea humo, na watoto huendesha baiskeli chini ya miti. Lakini atazamaye kwa makini huona vibanda vya zege vyenye matundu ya bunduki, na visima vifupi vilivyozamishwa ardhini, ambamo askari alijificha chini ya kifuniko cha zege chenye kuzunguka. Hizo ni athari za uwanja wa ndege za kivita.

Asili yake palikuwa shamba. Mwaka 1915, katika Vita Vikuu vya Kwanza, shamba hilo liligeuzwa uwanja wa ndege. Septemba 1916, rubani William Leefe Robinson aliruka kutoka hapo usiku, akaiangusha merikebu ya angani ya Wajerumani, ya kwanza kuangushwa juu ya ardhi ya Uingereza. Vita vilipokwisha, wakulima walirejea. Mwaka 1928 uwanja ulifunguliwa upya, na mwaka 1940 ndege za Spitfire zikawa zaruka hapo kuilinda London. Ulifungwa mwaka 1962. Ardhi ikachimbwa changarawe, mashimo yakafukiwa kwa taka, kisha ikapandwa miti, na mwaka 1980 bustani ikafunguliwa.

Athari tuionayo sisi kuwa bora kuliko zote haimo katika zege. Imo katika jina la skuli iliyo jirani. Machi 1943, rubani Mmarekani, Raimund Sanders Draper, alikuwa ndiyo kwanza ameruka injini ya Spitfire yake ilipozimika. Mbele yake palikuwa na skuli, na watoto wamo madarasani. Aliielekeza ndege chini kabla haijayafikia madarasa. Yeye akafa, watoto wakasalimika. Baadaye skuli ile ikaitwa kwa jina lake, na hadi leo watoto hulitamka kila waulizwapo wasoma wapi.

Nasi watu wa pwani tunaishi kati ya magofu. Tuwapelekapo watoto Gede au Ngome ya Yesu, aghalabu huwaonesha kuta na mizinga, tukatosheka. Tuwahimize pia wawaulize wazee wa mitaa yao: ni nani hapa aliyemkinga mtoto wa mwenziwe? Majina hayo yasipotajwa nyumbani, hakuna ukuta utakaoyahifadhi.