"Leseni Haipatikani": Maelezo juu ya Istilahi za Leseni katika Programu za Kuchorea Ramani

Madhumuni ya makala haya ni kueleza istilahi chache zinazohusu leseni za programu za kompyuta, hususan programu za kuchorea ramani zinazotumika katika ofisi za ardhi, mipango miji, misitu na maji. Mwandishi hakusudii kuorodhesha istilahi zote za fani hiyo. Atashughulika zaidi na neno moja, "leseni", kwa kuwa neno hilo, kama lilivyotumika katika tafsiri ambayo yeye mwenyewe alishiriki kuifanya, liliwahi kumpotosha mtumishi mmoja wa serikali kwa muda wa majuma matatu.

Habari yenyewe ni hii. Ofisi moja ya ardhi ya wilaya ilikuwa na kompyuta sita zenye programu ya ArcMap. Asubuhi moja afisa ramani alipoifungua programu, ilikataa kufunguka, ikatoa ujumbe wa Kiingereza. Afisa akachukua mwongozo wa Kiswahili, akautafuta ujumbe ule, akasoma: "Leseni haipatikani. Wasiliana na msimamizi wa leseni." Basi akafanya kile ambacho mtu yeyote mwenye kukijua Kiswahili angekifanya. Katika lugha yetu leseni ni karatasi inayotolewa na mamlaka kwa malipo, nayo ikifika tarehe yake hulipiwa upya. Ndivyo ilivyo leseni ya udereva, na ndivyo ilivyo leseni ya biashara. Akaandika barua kwa mhasibu kuomba fedha. Mhasibu akajibu kwamba malipo yalikwisha kufanywa na mkataba ulikuwa hai. Ikaandikwa barua ya pili, safari hii kwenda ngazi ya juu, kuuliza huyo msimamizi wa leseni ni nani na ofisi yake iko wapi. Wakati barua zikienda na kurudi, vijiji viwili vilikuwa vikingoja ramani za mipaka ili hati za hakimiliki za kimila, zinazotolewa chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, zipate kutayarishwa.

Hatimaye fundi aliyekuja kwa shughuli nyingine aligundua kisa chake. Kompyuta iliyokuwa ikigawa leseni, ambayo ilikaa katika chumba cha masijala, ilikuwa imepewa jina jipya. Zile kompyuta sita ziliendelea kuliita jina la zamani, na hakuna aliyeitika. Marekebisho hayakuzidi dakika kumi. "Msimamizi wa leseni" hakuwa mtu. Ni programu iliyokuwa ikifanya kazi humo masijala siku zote.

Twaweza kusema kwamba kosa ni la afisa, kwa kuwa hakuwa na elimu ya kompyuta. La hasha. Kosa ni la wafasiri. Tulichukua dhana tatu zilizo mbali mbali, tukazivika kanzu moja.

Dhana ya kwanza ni haki. Mtengenezaji wa programu, kwa mfano kampuni ya Esri ya Redlands, California, iliyoanzishwa mwaka 1969, hauzi programu yake kama muuza duka auzavyo jembe. Programu hubaki yake kwa sheria ya hakimiliki, naye humpa mnunuzi haki ya kuitumia kwa masharti: kwa watu kadha, kwa muda kadha, kwa kiwango kadha. Haki hiyo imo katika mkataba, na kwayo neno "leseni" lafaa kabisa. (Ajabu ni kwamba neno "ruhusa" latokana na neno la Kiarabu ambalo huko Uarabuni hadi leo ndilo linalotaja leseni ya udereva, lakini kwetu ruhusa imekwisha kuwa jambo la mdomo, la mtoto kwa mwalimu na la mfanyakazi kwa mkubwa wake. Hairudi tena kwenye mkataba.)

Dhana ya pili ni alama ambayo kompyuta huitazama ili ijue kwamba haki hiyo ipo. Kompyuta haisomi mkataba. Husoma faili dogo lenye namba na maandishi ya siri, au hapo zamani kifaa kidogo kilichochomekwa nyuma ya kompyuta, na bila kifaa hicho programu haikufunguka. Faili hilo aghalabu hufungamanishwa na mashine moja kwa utambulisho wa viungo vyake vya ndani. Hapa twapendekeza neno "idhini", na vitenzi vyake: kuidhinisha mashine, na kutengua idhini. Kitenzi cha pili si cha kupuuzwa. Mtu anapoifuta kompyuta nzima ili aipange upya, au anapoitupa, bila kutengua idhini kwanza, haki yake katika mkataba ingalipo, lakini kwa hesabu za mtengenezaji idhini hiyo bado imo katika mashine isiyokuwapo tena. Hapo hapana budi kumwandikia mtengenezaji. Afisa aliyesoma "futa leseni" pahali palipotakiwa "tengua idhini" ana haki ya kuogopa na kuacha.

Dhana ya tatu ni nafasi. Ofisi yenye watumishi kumi na watano huweza kununua haki ya watu watano tu kwa wakati mmoja. Kompyuta moja, iitwayo seva, huhesabu: anayefungua programu huchukua nafasi, anayeifunga huirejesha, na wa sita hungoja. Waingereza huita leseni ya namna hii kwa neno lenye maana ya kuelea, na rasimu moja iliyopita mezani kwetu iliandika "leseni inayoelea". Kwa msomaji wa pwani kinachoelea bila mwenyewe ni gogo au mzoga. Sisi tumependelea "leseni ya zamu", kwa kuwa zamu ni jambo ambalo kila mlinzi na kila mwanafunzi wa bweni analifahamu, na ujumbe "nafasi zote zina watu" haumpeleki mtu kwa mhasibu. Humpeleka chumba cha pili kuuliza nani amemaliza kazi. Dhidi yake zipo leseni ya mashine moja na leseni ya jina. Hii ya mwisho hufuata mtu badala ya mashine, naye huingia kwa jina na neno lake la siri. Ndiyo njia ya kawaida katika ArcGIS Pro, programu iliyotolewa mwaka 2015 ili ishike mahali pa ArcMap, ambayo Esri ilitangaza kuwa huduma zake zingekoma tarehe 1 Machi 2026.

Nafasi huazimwa pia. Mpima anayekwenda porini siku kumi, ambako hakuna mtandao, huweza kuazima nafasi moja akaondoka nayo katika kompyuta yake ya mkononi. Kitenzi "kuazima" kimekaa vizuri hapa kuliko vyote, kwani kinabeba wajibu wa kurudisha. Mpima asiporejesha, seva hungoja hadi tarehe ya mwisho iliyowekwa, na kompyuta ikiibwa njiani nafasi ile haionekani tena mpaka tarehe hiyo ifike. Ofisi yenye nafasi tano inayolalamika kwamba ina nne tu, na iulize kwanza nani yuko safarini.

Tukizitenga dhana hizo tatu, matengenezo yenyewe huwa mepesi kuyaeleza. Swali la kwanza huwa: je, seva inaitika? Ikiwa haiitiki, sababu yaweza kuwa jina lililobadilishwa, kama kule masijala, au umeme uliokatika usiku na programu simamizi isiwake yenyewe, au kizuizi cha usalama cha mtandao. Juu ya kizuizi hiki yafaa kusema zaidi, maana ndipo mafundi wengi wanapokwama. Programu simamizi ya ArcGIS husikiliza kwa kawaida katika mlango namba 27000. Fundi huufungua mlango huo, akajaribu, mambo yakawa vilevile. Sababu ni kwamba mlango wa 27000 ni wa mapokezi tu. Ndani yupo mtumishi wa pili anayetoa nafasi zenyewe, na huyo hutumia mlango mwingine ambao, usipowekewa namba maalumu, huweza kubadilika kila seva inapowashwa. Milango yote miwili yapaswa kujulikana na kufunguliwa. (Tumesema "mlango". Rasimu tuliyoitaja iliandika "bandari namba 27000", nasi tulijiuliza meli gani inatia nanga huko.)

Ikiwa seva yaitika lakini nafasi haitoki, swali lahamia kwenye idhini. Pengine programu katika kompyuta ya mtumishi ni ya toleo jipya na programu simamizi katika seva ni ya zamani. Mkubwa hamwelewi mdogo, naye hukataa. Kanuni ni kwamba programu simamizi iwe ya toleo lilelile au jipya zaidi. Pengine mtumishi amechagua kiwango ambacho ofisi haikukinunua. Viwango vya ArcGIS vilikuwa na majina ya ArcView, ArcEditor na ArcInfo hadi mwaka 2012, vikaitwa baadaye Basic, Standard na Advanced. Mwongozo wa zamani mkononi mwa afisa mpya waweza kumfanya aombe kitu ambacho hakimo katika orodha. Na pengine sababu ni ndogo ya kuchekesha: betri ya ndani ya kompyuta imekufa, mashine huamka ikidhani ni mwaka wa nyuma, na programu inayolinda leseni huiona saa iliyorudishwa nyuma kuwa ni hila ya mtu anayetaka kuongeza muda. Kutazama tarehe kwenye kona ya kioo ni kazi ya nukta moja.

Programu-nyongeza zina tatizo lake. Zana za kuchambua mteremko wa ardhi, mathalani, ni za nyongeza ya Spatial Analyst, ambayo huhitaji haki yake mbali na ya programu kuu. Katika ArcMap mtumishi aweza kuwa na haki, idhini na nafasi, zana zisifanye kazi, kwa kuwa hajaweka alama katika orodha ya nyongeza. Hapo neno "leseni" halihusiki hata kidogo, ingawa ujumbe unaotokea hulitaja.

Twarudi kwa yule msimamizi. Kiswahili kina utaratibu wake: neno la ngeli ya M-/WA- lenye mwisho wa -zi humleta mtu mbele ya macho. Tukisema msimamizi tumesema ana miguu. Kwa vyombo tunayo KI-, nayo imekwisha kutupa "kichapishi" na "kivinjari". Kwa hiyo "kisimamizi cha leseni" kingefaa. Katika makala haya nimetumia "programu simamizi" kwa kuwa yaeleza zaidi kwa mtu anayekutana nayo mara ya kwanza, lakini nakiri kwamba ni ndefu kwa ujumbe mfupi wa kwenye kioo. Historia hutufunza kutojisifu mapema katika mambo haya: "ngamizi" na "tarakilishi" zote zilibuniwa kwa uangalifu, na ingawa ya pili bado ina makao yake katika vitabu vya Kenya, watu wengi wanasema kompyuta.

Limebaki jambo la QGIS, ambalo si dogo. Programu hii ya ramani ilianzishwa na Gary Sherman mwaka 2002, nayo haiulizi idhini wala haihesabu nafasi. Mwandishi alipata kuiona karatasi ya ukaguzi wa vifaa vya ofisi fulani ambapo, mbele ya QGIS, katika safu ya leseni, mkaguzi alikuwa ameandika: "Haina." Kutokana na neno hilo programu iliwekwa katika fungu moja na nakala za wizi, ikapendekezwa iondolewe. Ukweli ni kinyume. QGIS ina leseni, iitwayo GPL, nayo humpa mtumiaji haki ya kuitumia, kuichunguza, kuibadilisha na kuigawa, kwa sharti kwamba anayeigawa asiwanyime wengine haki hizo. Ina haki, haina idhini wala nafasi. Mkaguzi angekuwa na safu mbili badala ya moja, asingekosea.

Lugha yetu ina bahati katika jambo hili, kwani hutenga "bure" na "huru", maneno ambayo katika Kiingereza yamo katika neno moja na yameleta mabishano marefu. "Programu huria" haisemi lolote juu ya bei. Mradi wa Ramani Huria ulioanza Dar es Salaam mwaka 2015, ambao wanafunzi na wakazi walichora mitaa na mifereji ya maeneo yenye mafuriko, umelifanya neno hilo lisikike nje ya ofisi za kompyuta. Mfasiri achunge tu jambo moja: data za OpenStreetMap zilizotumika humo zina leseni yake, ODbL tangu mwaka 2012, inayodai chanzo kitajwe. Ramani iliyochorwa kwa QGIS kwa data hizo ina leseni mbili nyuma yake, moja ya chombo na moja ya data, na afisa anayeichapa bila kutaja chanzo amevunja ya pili hata kama ya kwanza haimdai kitu.

Mwongozo wa zile ofisi za ardhi umekwisha kurekebishwa. Ujumbe uliomsumbua afisa wetu sasa unasomeka: "Seva ya leseni haiitiki. Hakikisha imewashwa na jina lake halijabadilika." Mahali palipokuwa na "msimamizi wa leseni" pameachwa wazi kwa kalamu, ili kila ofisi iandike jina la mtu na chumba chake. Kuhusu "leseni ya zamu" bado wapo wenzetu wanaoona kwamba zamu hupangwa na mtu, ilhali seva humpa yeyote aliyetangulia. Hoja yao ina nguvu, na neno bora zaidi likiletwa litapokewa.